Mashindano Aliyoyaona Marehemu

Fundi Kwanini hakupewa jina hilo na mama yake. Alilipata akiwa na miaka kumi na tisa, siku bwana mmoja mwenye duka la viatu alipomwita amwandikie maneno mawili tu juu ya mlango. Badala ya kufungua kopo la rangi, kijana akaanza kuuliza: kwa nini maneno haya na si mengine, viatu vyenyewe ni vya kazi au vya kwendea harusini, na je, wateja wanatokea upande wa kushoto au wa kulia. Mwenye duka akamwambia, "Kijana, nimekuita kuandika, hukuja kunioa." Waliokuwepo wakacheka mbavu zao zikauma, na jina likamganda mpaka leo. Sasa ana miaka hamsini na minane, na kichwa chake kimechanganya mvi na matone ya rangi nyeupe hata mkewe hajui zipi zitatoka kwa mafuta ya taa na zipi ndiyo basi tena.

Kazi yake ni kuandika na kuchora kwenye kuta, milango na vioo vya biashara za watu, na katika kazi hiyo ana sharti moja ambalo limemkosesha mengi: hachori kitu asichokiona. Akiitwa na mwenye bucha, atasimama buchani saa nzima akitazama jinsi paja la ng'ombe linavyoning'inia. Akiitwa saluni, atakaa kwenye benchi na akina mama mpaka waanze kumwomba awashikie pini. Kuna wenye baa waliotaka simba ukutani. Akawaambia hajawahi kuonana na simba, lakini jirani yake ana paka mwenye hasira. Akawachorea yule paka kwa ukubwa wa mlango, na wenye baa wakaridhika, ingawa walevi wawili watatu waliapa kwamba simba yule anawakumbusha mtu.

Siku hizi kazi zimepungua. Watu wanapenda mabango ya kuchapisha kwa mashine, yanayotundikwa kwa misumari sita na kumaliza habari. Kwa hiyo Mama Gereji alipompigia simu Jumatatu moja asubuhi, Kwanini hakuuliza swali hata moja kwenye simu. Aliosha brashi zake ambazo tayari zilikuwa safi, akaenda.

Gereji yenyewe ilikuwa uwanja mrefu uliozungushiwa ukuta, na geti la bati upande wa barabarani. Ndani kulikuwa na shimo la kukagulia magari, paa la mabati lililokaa juu ya nguzo nne, kabati la spana, na pikapu ya zamani ya bluu iliyoegeshwa nyuma kabisa, matairi yake yakiwa yamezama kidogo kwenye udongo. Ukuta wa kushoto, kuanzia getini mpaka chooni, ulikuwa umepakwa chokaa miaka mingi, tabaka juu ya tabaka, mpaka umevimba hapa na pale kama ugonjwa wa ngozi. Mama Gereji alikuwa mwanamke mnene kidogo, mwenye sauti ya chini na funguo nyingi mkononi. Mumewe alikuwa amefariki miaka minne iliyopita, na wengi walidhani gereji itauzwa kabla matanga hayajaisha. Hakuiuza. Alikaa kwenye kiti cha mumewe, akaanza kupokea wateja, na kama kuna aliyecheka, basi alichekea kwao.

"Nataka ukuta huu uniandikie kwa herufi kubwa," alisema, "mashindano ya magari makubwa kuliko yote duniani. Halafu chini yake uyachore."

Kwanini akauliza ni mashindano gani hayo.

"Hapo ndipo penye kazi," akasema Mama Gereji. "Sijui."

Akamkaribisha akae, akamweleza. Mumewe, ambaye kila mtu alimwita Spana, hakuwa mtu wa maneno. Kusifu mtu usoni, kwake, kulikuwa sawa na kung'olewa jino. Lakini kila siku saa nne, mafundi wake walipokaa kunywa chai, ubishi ulikuwa mmoja tu: mashindano gani ya magari ndiyo makubwa kuliko yote duniani. Huyu anasema haya, yule anasema yale, vikombe vinagongwa mezani. Spana alikuwa akisikiliza mpaka chai iishe, anafuta mikono, anasimama na kusema, semeni yote, lakini yaliyo makubwa kuliko yote mimi nimeyaona kwa macho yangu. Kisha anaingia chini ya gari. Alisema hivyo mwaka hadi mwaka. Hakuna aliyethubutu kumuuliza, maana alikuwa bosi, na mkewe naye aliichukulia kama mzaha wa kazini usiomhusu.

Alipokufa, Mama Gereji alipanga vitu vyake. Hakukuta pasipoti. Hakukuta tiketi, wala picha ya mumewe akiwa amesimama mahali asipopajua. Kwa miaka yote ya ndoa yao mtu yule alilala nje ya nyumba usiku tatu tu, na zote zilikuwa za hospitali. Sasa hayo mashindano aliyaona lini, alikwenda wapi, na alikwenda na nani?

"Nimeishi na mtu miaka ishirini na sita, fundi," alisema, "kumbe kuna safari hakuniambia. Hilo linanila."

Alilisema taratibu, kama anayesimulia habari za paa linalovuja. Kwanini alitambua kwamba hakuitwa kuchora picha tu. Aliitwa kwa sababu ya jina lake, na mama huyu alitaka mtu wa kuuliza yale ambayo yeye mjane hawezi kuwauliza wafanyakazi wake bila kujishushia heshima. Kulikuwa na jambo jingine pia. Mwana mkubwa wa mama huyu alikuwa ameshaulizia bango la kuchapisha, lenye gari jekundu la mashindano lisilo na mwenyewe, na ikifika Jumamosi bila jibu, bango lingepigwa misumari na swali lingefunikwa chini yake.

Kwanini akamuuliza mama moja la mwisho, ile pikapu ya nyuma ni ya nani. Mama Gereji akajibu kwamba ni yake. Zamani gereji haikuweka spea, na hata sasa haiweki. Gari likishafunguliwa na mteja amekaa kwenye benchi, mtu lazima akimbie duka la spea lililo ng'ambo ya mji. Yeye ndiye aliyekuwa akikimbia, miaka ishirini na zaidi. Siku hizi duka linaleta kwa pikipiki. Kuendesha ameacha tangu msiba, na wala hakukumbuki, kwa sababu kila aliporudi alimkuta mumewe amesimama getini na saa mkononi. "Unadhani nilikuwa nakaa huko kupiga soga," alisema. "Mtu hapendi kungojwa na saa." Kisha akaenda kumpokea mteja.

Saa nne ilipofika, Kwanini akaketi na mafundi. Walikuwa watatu. Upepo alikuwa fundi wa matairi, mwembamba, mwenye mapafu ya kupuliza mpira kwa mdomo. Waya alikuwa wa umeme wa magari na alizungumza akiwa amebana bisibisi kwenye meno. Nyundo, mkubwa wao, alikuwa wa bodi, yaani kazi yake ni kunyoosha kilichopondeka, na kwa sababu ya kelele za miaka thelathini alizungumza kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Kwanini hakuhitaji kuchokoza. Aliuliza tu, mashindano gani makubwa, na mzinga wa nyuki ukawa umepigwa jiwe.

Upepo alisema ni Indianapolis, maili mia tano, mizunguko mia mbili, na gari likiingia kubadilisha matairi vijana wanayatoa yote manne kabla wewe hujamaliza kupiga chafya. Waya alisema hayo ni ya watoto, mtu anazunguka mahali pamoja kama ng'ombe wa kinu. Mashindano ni Le Mans, saa ishirini na nne, mchana na usiku, na ule usiku wote nani anawapa njia kama si taa? Nyundo akasema kwa sauti ya kuvuka mto kwamba wote wawili hawajui kitu. Mashindano ni Dakar, wiki mbili jangwani, gari linapinduka mara tatu na kuinuliwa, linanyooshwa, linaendelea. Gari lisilopondeka, alisema, limekwenda kutembea tu.

Kwanini alisikiliza akatabasamu moyoni. Kumbe wa matairi anapenda mashindano ya matairi, wa taa anapenda ya taa, na wa nyundo anapenda ajali. Akauliza nani kati yao amewahi kuyaona hayo mashindano kwa macho. Waya alikuwa ameona kwenye televisheni ya jirani. Upepo alikuwa na kipande cha video kwenye simu, na simu yenyewe ilikuwa na ufa katikati. Nyundo alikuwa amesimuliwa na shemeji yake, ambaye hata mafundi wenzake walikubali kuwa ni mwongo.

Halafu akauliza la marehemu. Spana alimaanisha yapi? Hapo kila mmoja akadai bosi alikuwa upande wake. Upepo alikumbuka Spana akimwambia kwamba dereva bila matairi ni abiria. Waya alikumbuka Spana akisifu taa. Nyundo alikumbuka Spana akisema dereva wa kweli hakosi sababu, akishindwa atakwambia mvua, atakwambia njia, atakwambia ng'ombe alikatiza, ila hatasema yeye ndiye aliyechelewa. Kwanini akaona kwamba maneno yale hayakuwa na upande. Lakini aliyatia akilini, kwa sababu hajui kuacha kitu chini.

Jumanne na Jumatano alikwangua. Rangi ya mafuta haishiki juu ya chokaa. Ukiipaka hivyo hivyo, mvua mbili na picha yako yote iko chini, miguu ya watu inaikanyaga. Lazima ukwangue mpaka saruji. Alianzia chooni akielekea getini, kikwanguo mkononi na kitambaa puani, vumbi jeupe likimfanya aonekane mzimu wa mtu mvivu, kama Waya alivyosema. Kila tabaka lilikuwa mwaka, maana Spana alipaka chokaa kila mwaka kwa mkono wake mwenyewe na hakumruhusu mtu mwingine.

Alhamisi asubuhi akafika getini, nyuma ya lundo la matairi yaliyokwisha. Akayasogeza, akaanza kazi. Pale chokaa haikukataa kama kwingine. Ilitoka kwa urahisi, mabamba kwa mabamba, na fundi akafurahi kuona kazi inakwenda. Alikuwa ameshasafisha eneo la upana wa meza alipoona kwamba vumbi linaloanguka miguuni lina rangi ya njano ndani yake. Akasimama. Akainama akaokota bamba moja la chokaa, akaligeuza. Mgongoni kulikuwa na nusu ya tarakimu.

Hapo Kwanini alijitukana kwa maneno ambayo mkewe asingeyaamini. Miaka arobaini anauliza maswali kabla ya kugusa ukuta, na ukuta huu mmoja hakuuliza kwa nini chokaa yake inatoka kwa hiari. Jibu lilikuwa jepesi. Chini yake kulikuwa na nta, ile chaki ya njano ya nta wanayoandikia matairi, na chokaa haishiki juu ya nta. Hakujua ni miaka mingapi aliyoisaga kwa kikwanguo chake kabla ya kufungua macho. Aliweka kikwanguo chini, akachukua kisu kidogo na brashi kavu, akaendelea kwa upole wa mtu anayemtoa mtoto mwiba.

Zikatoka tarakimu, moja chini ya nyingine. 34. 33. 36, na pembeni neno dogo, *mvua*. 31. 33. 38, pembeni *reli*. 29. 27. 24. 45, pembeni *gia ya pili tu*, na chini ya maneno hayo mstari. 26. 23. Mwandiko ulikuwa mmoja, umeinamia kulia, wa mtu anayeandika akiwa amesimama.

Aliwaita mafundi. Bosi wao alikuwa ameandika mashindano yake ukutani, aliwaambia, sasa wamsaidie kuyasoma. Walikuja mbio kama watu walioitwa kwenye ugomvi. Upepo aliona 33 akapiga kofi paja lake: Indianapolis wanaanza magari thelathini na matatu, kila mtu anajua, na hapo imeandikwa mara mbili. Waya akaweka kidole kwenye 24 akasema aliyesoma shule hahitaji kusomewa. Nyundo akawasukuma wote wawili na kuonyesha *gia ya pili tu*. Gia zinakufia wapi kama si jangwani? Waya akamuuliza mvua ya jangwani inanyesha kutoka bomba gani. Nyundo akamjibu na *reli* je, treni inapita katikati ya Le Mans kubeba mataa? Upepo akacheka kidogo, akageukiwa yeye, kwamba 34 na 36 ni magari gani tena, au mengine yalizaliwa njiani?

Kwanini aliwaacha wagombane, akatazama alipokuwa amesimama. Maandishi yalikuwa usawa wa macho yake. Ukigeuka kidogo kulia, unaona barabara yote kupitia getini, mpaka kwenye kona. Mtu anayeandika mambo ya televisheni angeandikia ofisini, au juu ya kabati la spana. Kwa nini aandikie hapa, mahali ambapo hakuna kiti wala kivuli? Na kwa nini achukue chaki ya matairi, kama si kwa sababu ndiyo iliyo karibu, na mkono wake mwingine una kitu?

Akajiuliza mkono mwingine ungekuwa na nini, na papo hapo jibu likamjia. Hakuwaambia mafundi. Alikwenda ofisini, akasimama mlangoni na vumbi lake lote, akamwomba mama aje aone kitu, na akamwomba asilete mtu.

Mama Gereji alikuja akidhani ukuta umepasuka. Mafundi wakampisha. Alisoma kutoka juu, midomo ikitembea bila sauti, na aliposoma *mvua* na *reli* uso wake haukubadilika. Alipofika kwenye *gia ya pili tu* aliacha kusoma. Mkono wenye funguo ukapanda mpaka kifuani.

"Hii ni siku gia ziligoma," alisema. "Nilitoka duka la spea mpaka hapa na gia ya pili tu. Mji mzima ulikuwa unanipigia honi. Nilikuwa na krachi ya lori mgongoni na mwenye lori alikuwa amekaa pale, kwenye benchi, anatukana." Akaigusa ile 45. "Alikuwa ananiandika mimi."

Hata Nyundo alipata sauti ya chini, nayo hakuitumia.

Kwanini ndiye aliyeuliza, kwa sababu ndiyo kazi yake. Akauliza duka ni umbali gani. Mama akasema ukikimbiza sana ni dakika thelathini kwenda na kurudi, watu wengine arobaini. Akauliza reli. Mama akasema zamani njia ilikatiza reli, na treni ikipita unakaa unaimba. Akauliza kwa nini basi marehemu alifunika kila mwaka kwa chokaa. Mama akatikisa kichwa na machozi yakaanza kumtoka hapo, waziwazi, bila kujificha kwa wafanyakazi wake. Alisema mtu yule angekufa kwa aibu kama mteja angeuliza. Alisema yeye mwenyewe alikasirika. Miaka yote aliingia getini na hasira, akaipita ile saa bila kuitazama, akamtupia spea mezani. Alidhani anapimwa kama kibarua. Mara nyingine alikaa hata siku mbili bila kumsemesha.

"Na yeye alikuwa anatazama mashindano," akasema.

Bado palikuwa na tabaka moja chini kabisa, karibu na ardhi, ambako mtu angelazimika kuchuchumaa ili aandike. Kwanini akampa kile kisu kidogo. Mama Gereji akajishusha taratibu, goti moja halafu la pili, akakwangua mwenyewe. Ikatoka 21, na mistari miwili chini yake. Pembeni, kwa herufi zilizobanana kwa sababu nafasi ilikuwa inaisha, palikuwa na maneno mengi kuliko kote ukutani: *Mimba miezi saba. Nimemkataza. Kaenda.*

Alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Mimba ile ilikuwa ya yule mwanawe mkubwa, mwenye bango la kuchapisha. Alipigiwa simu siku hiyo hiyo akaambiwa bango lake aliuzie watu wengine.

Ijumaa asubuhi Kwanini alikuwa na ukuta safi, isipokuwa kile kipande cha karibu na geti ambacho alikizungushia fremu ya rangi nyeusi ili mtu asikiguse. Alikuwa na maneno ya kuandika. Alikuwa na pikapu ya kuchora. Lakini aliketi juu ya kopo la rangi, hachori. Mama Gereji alipomuuliza anangoja nini, akasema hajawahi kuiona ile pikapu ikikata kona. Hajui inalalia upande gani, vumbi linainuka wapi, dereva anatokea na uso gani. Akisema achore hivyo hivyo, atamchorea paka.

Mama alisema hajaendesha miaka minne. Alisema betri imekufa. Waya, aliyekuwa akisikiliza kwa sikio la pembeni, akasema betri ipo, alishaifunga tangu jana jioni. Upepo naye akakiri kwamba matairi ameyajaza. Nyundo akasema mlango wa dereva ulikuwa unakwama, lakini ameupigapiga. Mama Gereji akawatazama mmoja mmoja kama watu waliomwibia kitu. Kisha akauliza kuna gari gani linalongoja spea. Kulikuwa na moja, linataka filta ya oili.

Pikapu ikakohoa, ikakataa, ikakohoa tena, ikawaka. Ilipotoka getini Kwanini alisimama pale pale kwenye fremu yake, penseli na karatasi katika mkono mmoja na saa katika mwingine, na nyuma yake mafundi watatu waliokuwa wameacha kazi za watu. Walingoja. Kwa dakika ishirini za kwanza walibishana kwa sauti ndogo, Upepo akisema mama atavunja ile ishirini na moja, Waya akimwambia aache dini za uongo. Dakika ya thelathini ilipopita wote walikuwa wanatazama kona. Kwanini alianza kuona ule uwanja kama marehemu alivyouona. Barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye kona, na kila gari lisilo la bluu lilikuwa karaha. Alishangaa kuona moyo wake unampiga. Mtu angewezaje kusimama hapa miaka ishirini, akajua kila sekunde ya mtu mwingine, na asimwambie? Hilo aliliuliza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliliacha bila jibu.

Pikapu ikatokea. Ililalia kushoto, vumbi likanyanyuka chini ya gurudumu la nyuma, na dereva alikuwa ameinama mbele, kidevu juu ya usukani, ameuma mdomo wa chini kama msichana anayevuka mto juu ya gogo. Penseli ilikimbia yenyewe. Picha iliyopo ukutani mpaka leo ni ile, na wateja wakiingia huuliza hayo ni mashindano gani, mbona hawayajui.

Gari likazima. Mama Gereji akashuka na filta kwenye mfuko wa plastiki, jasho limemlowesha kola, akaja moja kwa moja hadi kwenye fremu. Mara hii saa aliitazama.

"Ngapi?"

Kwanini alifikiri kuiba dakika kumi. Hakuna ambaye angejua, na mafundi wote watatu walikuwa ghafla wanatazama viatu vyao.

"Arobaini na tatu, mama," alisema.

Mama Gereji akaokota chaki ya njano kwenye lundo la matairi. Akasoma tena safu yote kutoka 34 mpaka chini kabisa, akajishusha, na pembeni mwa ile 21 yenye mistari miwili akaandika 43. Akafikiri kidogo. Mbele yake akaongeza neno moja, *matuta*.

Nyundo ndiye aliyeanza kucheka, halafu wote wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka akiwa amepiga magoti, machozi yanatiririka na kuchanganyika na vumbi la chokaa. Alipoinuka alijipangusa uso kwa kanga, akamkabidhi Upepo ile filta, akaning'iniza ufunguo wa pikapu kwenye msumari karibu na geti, mahali ulipokuwa zamani.

"Yule wa pikipiki mwambieni asije tena," alisema. "Kesho nitapita njia ya nyuma."